Harufu Nzuri si Usafi: Somo la Hewa na Maji ya Nyumbani



Mkulima wa karafuu ana pua iliyofundishwa. Akiingia ghalani hutambua kwa harufu gunia lililofungwa kabla karafuu hazijakauka, na akitia mkono ndani hujua ipi mpeta na ipi safi. Pua hiyo na mkono huo ndivyo vitukingavyo na hasara mizanini. Lakini ziko hasara mbili nyumbani mwetu ambazo pua haizijui wala jicho halizioni. Ya kwanza ni hewa mbaya tuivutayo tukiwa ndani, na ya pili ni maji mabaya tuyanywayo. Somo letu la mwezi huu ni juu ya hayo mawili. Tumeyaweka pamoja kwa kuwa, kama tutakavyoona mbele, mara nyingi mtu husafisha maji yake kwa kuichafua hewa yake.

1. MOSHI WA JIKONI

Mafiga matatu yana sifa zake. Hayana gharama, nayo yapokea kila kitu: kuni, makuti, vifuu na makumbi. Aibu yake ni moshi. Ndani ya moshi wa kuni mna chembe za masizi ndogo mno kuliko vumbi la unga, nazo hupita puani na kooni zikafika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya moshi wa majumbani, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walizidi 237,000. Watoto hupatwa na homa ya mapafu. Watu wazima hupatwa na maradhi ya mapafu na ya moyo, na kiharusi.

Sasa tujiulize, ni nani akaaye jikoni? Ni mama, na binti amsaidiaye, na mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni. Bwana yuko barazani angoja chakula. Moshi haumfikii, na kwa sababu hiyo shauri la kulitengeneza jiko huahirishwa kila mwaka. Basi fedha za karafuu zikisha kulipwa, kabla hazijapata njia nyingine, na aingie jikoni saa ya kupika, akae mpaka wali uive. Akitoka na macho yanayotiririka machozi atajua la kufanya.

Mambo ya kufanya si makubwa:

(a) Kuni zikaushwe. Sisi ambao hatukubali karafuu mbichi igusane na kavu, mbona twatia motoni kuni zenye maji? Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na moto kidogo. Zipangwe chini ya paa, zipitiwe na upepo, na zile za masika ziwekwe akiba tangu kiangazi.

(b) Jiko liwe na matundu mawili ya hewa yanayoelekeana. Moja liwe upande upepo utokako, na la pili liwe juu, karibu na paa, maana moshi hupanda. Tundu moja tu halitoshi, kwani hewa haiwezi kuingia vyema ikiwa haina pa kutokea. Mwenye uwezo na ajenge dohani.

(c) Mvua ikiwa hakuna, pikeni nje, au katika banda lisilo na kuta. Watoto wadogo wakae mbali na moto.

(d) Chungu kifunikwe, na maharage na kunde zirowekwe tangu usiku. Kila robo saa iliyopunguzwa motoni ni robo saa ya moshi iliyopunguzwa kifuani.

Wanachama wanaotumia gesi wamepata nafuu kubwa ya moshi, lakini nao wana sheria zao. Dirisha lifunguliwe kwanza, ndipo jiko liwashwe. Mpira wa gesi upakwe povu la sabuni mara kwa mara. Povu likitoa mapovu yanayokua, mpira unavuja. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kibiriti wala taa ya umeme. Funga mtungi, fungua milango, watoe watu nje.

2. SEREDANI CHUMBANI

Moshi wa kuni angalau hujitangaza, kwa maana macho huwasha na mtu akakohoa. Makaa yana hatari nyingine. Yakisha kushika vizuri hayatoi moshi, na mtu hudhani hewa ni safi. Kumbe makaa yanayowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi, wala harufu, wala ladha. Kazi ya damu ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Gesi hii huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikawa haina tena nafasi ya kuichukua hewa njema. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, moyo huchafuka, miguu hulegea. Aliye macho huenda akatoka nje. Aliyelala haamki.

Twalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ya msimu wetu. Mkulima akikutwa na mvua, na karafuu zake zingali mbichi, huona heri kuziingiza ndani, azitandaze chumbani, afunge madirisha, na kuwasha seredani ili zisiharibike. Kisha hulala papo hapo pamoja na wanawe kuzilinda. Harufu ya karafuu hujaa chumba kizima, tamu kabisa, na chini ya harufu hiyo gesi yajikusanya. Wanachama, tusifanye hivyo. Karafuu zikiharibika ni hasara ya msimu mmoja. Seredani isiwake katika chumba kilichofungwa, wala katika chumba cha kulala, hata kama makaa yameanza kuwa majivu. Mtu akionekana amelegea ndani ya chumba chenye makaa, mtoeni nje kwenye hewa haraka, kisha mpelekeni hospitali.

3. MAJI YA MFEREJI

Wazee wetu walijua thamani ya maji safi. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Zanzibar kikaua watu wengi mno. Daktari James Christie, aliyekuwapo mjini wakati ule, aliandika kitabu juu yake kilichotolewa mwaka 1876. Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeleta maji mjini kwa mifereji kutoka chemchemi za nje ya mji. Labda ndiyo sababu hata leo twasema “mfereji” pale wenzetu wa bara wasemapo “bomba”.

Lakini maji kutoka mferejini hayana dhamana ya kuwa safi yafikapo mdomoni. Maji yakiwa yatoka mfululizo, hujaa bomba na kusukuma nje, hata penye ufa maji hutoka wala uchafu hauingii. Maji yakikatika, bomba huwa tupu, na pale penye ufa maji machafu ya ardhini, ya mtaro au ya karibu na choo, hunyonywa kuingia ndani. Maji yakirudi huyaleta hayo nyumbani. Kwa hiyo maji ya kwanza baada ya kukatika yasinywewe. Yatekwe kwa kuoshea sakafu au kumwagilia miche, na ya kunywa yatekwe baadaye, yakisha kuwa meupe. Na bomba linalovuja mtaani litolewe habari mara moja, kwani ufa wa jirani ni mlango wa maradhi kwetu sote.

4. LADHA YAWEZA KUDANGANYA

Yuko atakayesema, “Maji yetu ni matamu, hayana harufu, tumeyanywa tangu utotoni.” Mtu huyo na asikie habari hii ya London. Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka mtaa wa Broad Street. Daktari John Snow akafuatilia nyumba zilizofiwa, akaona kwamba wengi walikunywa maji ya pampu moja ya mtaa ule. Pampu ile ilikuwa na sifa ya maji mazuri. Alikuwako bibi mmoja mjane aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na mtaa ule, mahali pasipokuwa na ugonjwa. Kwa kuyapenda maji yale aliletewa chupa yake huko huko. Akanywa, na mpwa wake akanywa, wakafa wote wawili. Ladha iliyompendeza haikumwambia kitu.

Nasi tuna mapenzi kama hayo. Mtungi hufukizwa ubani au udi hata maji yakanukia. Wengine hutumbukiza karafuu mbili tatu. Ni desturi nzuri ya kumkirimu mgeni, wala hatuipingi. Lakini ijulikane kwamba hutia harufu tu, haisafishi maji. Na kinyume chake ni kweli: maji yenye harufu kidogo ya klorini, ambayo watu huyakunjia uso, ndiyo yenye mlinzi ndani yake.

5. NJIA TATU ZA KUSAFISHA MAJI

Kwanza, maji yenye tope yachujwe kwa nguo safi ya pamba iliyokunjwa mara kadhaa. Huko Bangladesh wanawake wa vijijini walichuja kwa sari kuukuu, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kipindupindu kilipungua karibu nusu. Nusu si yote. Baada ya kuchuja, mtu na achague njia mojawapo:

Kuchemsha. Maji yatokote kwa nguvu muda wa dakika moja, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Njia hii ni ya hakika, lakini hapa ndipo penye lile tulilolitaja mwanzo. Mama achemshaye maji kila siku kwa kuni mbichi, katika jiko lisilo na tundu, amlinda mtoto tumbo na kumwumiza mapafu. Achemshaye kwa kuni na afanye hivyo nje au penye hewa.

Dawa ya klorini ya maji ya kunywa. Tia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, koroga, ngoja nusu saa. Haina moshi wala haitaki kuni. Haifanyi kazi vyema katika maji ya tope, ndiyo maana twachuja kwanza.

Jua. Jaza maji meupe katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, uilaze juani saa 6 kamili. Siku za mawingu ilale siku mbili. Siku za mvua mfululizo njia hii haifai. Ni njia rahisi kwetu, maana hakuna aanikaye karafuu asiyejua kulitazama jua.

Tahadhari mbili. Kuchemsha hakuondoi chumvi, kwa hiyo maji ya kisima kilichoingiliwa na bahari hayatengenezeki kwa moto. Na galoni lililokuwa na dawa ya mimea au mafuta ya taa lisitiwe maji ya kunywa kamwe, hata likioshwa mara kumi.

6. KUYATUNZA YALIYOKWISHA KUSAFISHWA

Kazi yote hupotea kwa mkono mmoja mchafu. Kata ikitumbukizwa mtungini, vidole navyo huingia. Afadhali chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, au ndoo yenye bilula, ili maji yamiminwe yasichotwe. Mwenye mtungi wa asili asiutupe; autumie kata yenye mpini mrefu, itundikwe ukutani, isiwekwe chini. Katika kambi za wachumaji chombo hiki kiwekwe na mwenye shamba mwenyewe, pamoja na sabuni, kwani mchumaji akiugua karafuu huanguka mtini.

Na mtu akishikwa na kuhara maji maji kwa wingi, asingojwe mpaka kesho. Akiwa njiani kwenda hospitali anyweshwe maji safi lita 1 yaliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI

1. Kwa nini maji ya kwanza baada ya mfereji kukatika hayafai kunywewa?
2. Seredani isiyotoa moshi ina hatari gani chumbani?
3. Jiko lako lina matundu mangapi, na moshi watokea wapi?
4. Ni ipi kati ya njia tatu ifaayo nyumbani kwako wakati wa masika, na ipi wakati wa kiangazi?

Swali la tatu lisijibiwe barazani. Lijibiwe jikoni, saa ya kupika.