Wakili wa Chama si Wakili wa Mwenyekiti

Jamaa nyingi za Ufipa hulima mahindi na maharage, na wengi huungana katika vyama vya ushirika ili wapate mbolea na kuuza mazao pamoja. Chama kikiingia katika kesi, mwenyekiti na katibu huenda Sumbawanga mjini, humtafuta wakili, humweleza mambo na kumlipa kwa fedha za chama. Wakirudi kijijini, mwenyekiti husema: “Wakili wangu amesema hivi.” Neno hilo “wangu” ndilo tutakalo kulichungua leo, kwa maana mali ya watu yaweza kupotea ndani yake.

Je, wakili huyo ni wa nani? Chama kilichoandikishwa kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 ni mtu mbele ya sheria: chaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Fundisho hili ni la zamani. Mwaka 1896 Baraza la Malodi huko Uingereza liliamua shauri la Aron Salomon, mtengeneza viatu wa London, aliyekuwa na hisa 20,001 kati ya 20,007 za kampuni yake. Likasema kwamba hata hivyo kampuni ni mtu mwingine, si yeye. Basi, ikiwa Salomon mwenye hisa karibu zote hakuwa kampuni, mwenyekiti aliyechaguliwa kwa kura za wakulima atakuwaje chama?

Lakini mtu huyu wa sheria hana kinywa wala mikono. Husema kwa vinywa vya viongozi wake. Wakili humwona mwenyekiti, humsikiliza, tena hupokea ujira kutoka mkononi mwake. Ni rahisi mno kumsahau mteja asiyeonekana.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa wakili ni kuuliza: nani amekutuma? Katika shauri la wakulima wa kahawa wa Bugerere, nchini Uganda, Mahakama Kuu ilisema kwamba kampuni haifungui kesi ila kwa azimio la mkutano wake au la bodi, lililoandikwa katika kumbukumbu. Na wakili aliyefungua kesi bila idhini ya huyo anayeitwa mdai atalipa gharama kwa mfuko wake mwenyewe. Mahakama za Uganda baadaye zililegeza sharti la azimio, ila mawakili wa Tanzania wangali wakilitaja shauri hilo. Nasi twaona lina busara.

Jambo gumu zaidi ni la siri. Tuseme, kwa mfano tu, wala hatumsemi mtu, kwamba wakili anapekua vitabu vya chama kwa ajili ya kesi ya deni la mbolea, akaona kwamba michango ya wanachama imejenga nyumba ya mwenyekiti. Mwenyekiti amwambia kwa sauti ya chini: “Bwana Wakili, haya yabaki kati yetu wawili.” Afanyeje?

Wengine watajibu upesi kwamba wakili hutunza siri. Naam, Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 yamkataza kutoa maneno ya mteja wake pasipo ridhaa yake, isipokuwa yale yaliyosemwa ili kuendeleza uvunjaji wa sheria. Lakini siri hii ni ya nani? Ni ya chama. Kuipeleka kwenye bodi si kuitoa nje. Ni kumpa mwenyewe kilicho chake. Na kama bodi nayo imo katika wizi huo, wakili aupeleke mkutano mkuu, ambao ndio wenye mamlaka ya juu katika chama. Hana ruhusa ya kuyasimulia sokoni wala kwa jirani.

Marekani walijifunza jambo hili kwa hasara. Kampuni ya Enron ilipofilisika mwaka 2001, watu wengi waliuliza mawakili wake walikuwa wapi. Na mwaka 2003 Chama cha Mawakili cha nchi hiyo kikakaza kanuni yake, kwamba wakili wa shirika akijua uvunjaji wa sheria utakaolidhuru sana, alipeleke jambo juu, hata kwenye mamlaka ya mwisho ya shirika.

Hata hivyo haki yadai mwenyekiti asinaswe kama ndege. Yafaa wakili amwambie mapema, kabla hajafungua moyo wake: “Mzee Mwenyekiti, mimi ni wakili wa chama. Ukiniambia neno lililo kinyume cha chama, sitaweza kuificha bodi. Ukitaka wa kukutetea wewe mwenyewe, tafuta mwingine.” Onyo likija baada ya maungamo, limechelewa.

Wanachama nao wasikae kimya. Katika mkutano mkuu waulize: azimio la kumwajiri wakili liko wapi katika kumbukumbu, na barua ya kazi yake yataja jina la nani? Wakiona amekisaliti chama ili kumfunika kiongozi, waweza kupeleka malalamiko kwa Kamati ya Mawakili, yenye uwezo wa kumwonya, kumsimamisha, au kulifuta jina lake katika orodha ya mawakili.