Kamera ya nyuma kwenye gari la zamani: chumvi ya pwani huanzia kwenye maungio

Magari mengi yanayotembea kati ya Somanga, Kilwa na Lindi yaliundwa Japani na kutumika huko miaka mingi kabla ya kuvuka bahari. Sheria za Japani zilianza kudai kifaa cha kuona au kuhisi kilicho nyuma ya gari Mei 2022, tena kwa aina mpya tu za magari. Kwa hiyo Noah ya familia, IST ya mwalimu, Probox ya mwenye duka na pikapu inayofuata samaki Kilwa Kivinje hurudi nyuma kwa vioo vitatu na shingo ya dereva. Nyuma ya bampa hubaki eneo ambalo kioo hakifiki. Mtoto aliyechutama pale kuokota embe haonekani kwenye kioo chochote, hata dereva awe makini namna gani.

Marekani ililifikisha jambo hili kwenye sheria baada ya misiba mingi. Mwaka 2002, huko New York, mtoto wa miaka miwili aitwaye Cameron Gulbransen alifariki baada ya kugongwa na gari lililokuwa likirudi nyuma nyumbani kwao. Aliyekuwa akiendesha ni baba yake mzazi, ambaye ni daktari wa watoto. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilisainiwa mwaka 2008, na tangu Mei 1, 2018 kila gari dogo jipya linalouzwa nchini humo lazima lionyeshe kilicho nyuma yake. Wakati kanuni hizo zinatungwa, mamlaka ya usalama barabarani ya huko ilikadiria kuwa ajali za magari kurudi nyuma zinaua wastani wa watu 210 kwa mwaka. Watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa asilimia 31 ya waliokufa, na wazee wa miaka 70 na zaidi asilimia 26.

Mazingira yetu yanaihitaji kamera ya nyuma zaidi. Nyumba nyingi hazijazungushiwa ukuta, gari hulala uani, na watoto hucheza kwenye kivuli chake. Kilwa Kivinje ina mitaa myembamba ya mji wa kale, isiyo na nafasi ya kugeuzia. Sokoni watu hupita nyuma ya gari wakiwa na ndoo kichwani, na asubuhi kwenye diko pikapu hurudi nyuma kufuata mashua huku watu wakiwa wameizunguka. Kamera ni kifaa kidogo, na fundi umeme wa magari anayejua kazi yake huifunga kwa nusu siku. Lakini hapa pwani nyingi hufa mapema, na mara nyingi kamera yenyewe huwa nzima: kilichokufa ni waya.

Kwanza, ununuzi. Madereva wengi wa huku huagiza Kariakoo, na kutoka Kilwa kurudisha kitu kisichofaa ni safari ya takriban kilomita 300, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Swali la kwanza ni volti. Magari madogo hutumia volti 12, lakini Coaster, Rosa, Canter na Fuso nyingi hutumia 24, na Land Cruiser ziko za aina zote mbili. Usikisie, pima kwa mita. Kamera ya volti 12 ikiunganishwa kwenye 24 huungua siku hiyohiyo. Swali la pili ni mfumo wa picha. Kamera na skrini za zamani hutumia mfumo wa CVBS, na nyingi za sasa hutumia AHD, wenye picha safi zaidi. Visipolingana utaona giza au mistari inayokimbia, na utadhani umeuziwa kitu kibovu. Redio nyingi za Android zina sehemu ya kuchagua mfumo kwenye mipangilio yake, ila kwanza uhakikishe zinaukubali wa kamera yako.

Halafu tazama kinga ya maji. Kamera iwe na alama ya IP67 au zaidi. Tarakimu ya kwanza, 6, ina maana vumbi haliingii. Ya pili, 7, ina maana imejaribiwa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Alama hiyo haisemi lolote kuhusu chumvi, na inahusu kamera tu, si plagi iliyo mwisho wa waya wake.

Kuhusu mahali pa kutazamia picha, napendelea skrini ya redio iliyopo kwenye dashibodi, kwa sababu ni kubwa na jicho limeshaizoea. Magari mengi ya Japani hubadilishwa redio hapa nchini, maana redio nyingi za zamani za kule hupokea FM kuanzia 76 hadi 90 tu, na vituo vyetu vinafika 108. Ukibadilisha redio, funga na kamera wakati huohuo ili dashibodi ifunguliwe mara moja. Kioo cha ndani chenye skrini ni chaguo zuri kwa asiyetaka kugusa redio. Kamera zisizo na waya siziungi mkono: bado zinahitaji waya wa umeme kule nyuma, na picha hukatika zinapoingiliwa na mawimbi mengine.

Sasa kazi yenyewe. Mafundi wengi huanza kwa kutoa nyaya za betri, na kwa kawaida ni jambo jema. Lakini kama gari bado lina redio yake ya asili ya Toyota kutoka Japani, ngoja. Baadhi ya redio hizo hujifunga betri ikitolewa na kudai namba ya siri ambayo mmiliki wa hapa hajawahi kuiona. Kwenye gari la namna hiyo chomoa fyuzi ya taa ya rivasi na ya redio, kisha fanya kazi waya mmoja mmoja. Fyuzi hiyo ya rivasi ina habari yake pia. Kwenye Toyota nyingi za zamani ndiyo hiyohiyo inayolisha vipimo vya dashibodi. Fundi akigusanisha nyaya kule nyuma, mshale wa mafuta na wa joto hulala, na mwenye gari huanza kuhangaikia injini isiyo na tatizo. Ndiyo maana waya wa moto unaokwenda kwenye kamera uwekewe fyuzi yake ndogo ya ampea 1. Kamera inatumia umeme kidogo sana, kwa hiyo fyuzi hiyo inatosha, na hitilafu yoyote itaishia hapo.

Kamera hupata umeme kutoka taa ya rivasi, ili iwake gia inapoingia. Kuupata waya wake, weka jiwe mbele na nyuma ya tairi, vuta breki ya mkono, hakikisha hakuna mtu nyuma, washa swichi bila kuwasha injini, kanyaga breki na uingize rivasi. Waya unaosoma volti 12 kwenye mita (au 24 kwa gari la volti 24) na kurudi sifuri ukitoa gia ndio wenyewe. Usiridhike na rangi ya waya. Gari la miaka 20 limeshapita mikono mingi.

Waya wa picha hupita chini ya kapeti au ndani ya plastiki za vizingiti vya milango hadi mbele. Plagi za njano ukizikuta njiani ni za mifuko ya hewa. Usiziguse, na usipitishe waya juu ya mfuko wa hewa ulio kwenye nguzo ya kioo. Kwenye waya wa picha hutoka waya mwembamba mwekundu kila upande, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Wa nyuma uunganishwe na moto wa taa ya rivasi, na wa mbele uingie kwenye waya wa rivasi wa redio. Usipounganishwa, skrini haitajua kuwa umerudi nyuma, na utalazimika kuibonyeza kwa kidole kila mara. Ukikabidhiwa gari, mwambie fundi: “Fundi, tia rivasi nione ikiwaka yenyewe.” Kanuni za Marekani zinataka picha itokee ndani ya sekunde 2, na ni kipimo kizuri cha kudai hata hapa.

Kamera ikae juu ya namba ya gari, katikati kadiri inavyowezekana, bila kuziba namba wala taa yake. Iinamishe mpaka ukingo wa bampa uonekane chini kabisa ya picha. Pikapu za diko zisiwekewe kamera chini ya bampa, maana matope na mchanga huimaliza. Landrover au Land Cruiser yenye tairi ya spea mlangoni huhitaji kamera ipande juu ya tairi. Picha ikitoka kulia ikiwa kushoto, kamera nyingi zina nyaya mbili fupi zilizofungwa kitanzi: mmoja ukikatwa hugeuza picha, mwingine huondoa mistari ya kuegeshea. Soma karatasi ya kamera yako kabla ya kukata, rangi hutofautiana.

Chumvi

Hewa ya bahari hubeba chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata siku isiyo na mvua. Waya wa shaba uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu una nafasi kati ya nyuzi zake. Unyevu wa chumvi huingia humo na kutambaa ndani ya ganda, shaba hugeuka kijani, umeme hupungua. Tepu nayo hulegea kwa joto na kuacha gundi inayonasa mchanga. Hitilafu huanza kwa picha kucheza gari likipita kwenye matuta, kisha picha hupotea masika na kurudi kiangazi, mpaka siku inapokataa kabisa. Nasisitiza sehemu hii kuliko nyingine zote kwa sababu ndiyo anayoiruka fundi anayeharakishwa, na mwenye gari hawezi kuiona plastiki zikisharudishwa.

Kila ungio lichomelewe kwa risasi ya fundi redio, kisha livikwe mpira unaojibana ukipashwa moto, wa aina yenye gundi ndani. Baada ya hapo lifungwe kwenye waya mwingine ili lisitikisike, kwani waya uliochomelewa huwa mgumu na hukatika ukichezacheza. Usikubali waya wa hasi ufungwe kwenye skrubu ya bodi ya nyuma. Bodi ya gari lililoishi pwani ina kutu chini ya rangi, na kutu haipitishi umeme vizuri. Chukua hasi kwenye waya wa hasi wa taa yenyewe.

Plagi inayounganisha kamera na waya mrefu isiachwe kwenye bampa. Iingie ndani ya buti kupitia mpira wa nyaya uliopo tayari, na ipakwe grisi ya silikoni kabla ya kufungwa. Nje, acha waya ushuke kidogo kabla ya kupanda kuingia kwenye tundu, ili maji yadondoke hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Kama mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, pitisha waya ndani ya bomba la mpira lililobeba nyaya za mlango na uachie ulegevu wa kutosha. Waya uliokazwa hukatika baada ya kufungua na kufunga kwa miezi michache. Tundu jipya likitobolewa kwenye bati, kingo zake zipakwe rangi siku hiyohiyo. Gari likitoka mchangani, lioshe nyuma kwa maji baridi ya bomba, na kioo cha kamera kimwagiwe maji kwanza kabla ya kufutwa, vinginevyo mchanga utakikwaruza.

Kabla ya kuiamini

Mistari ya kijani, njano na nyekundu inayotokea kwenye skrini haikupimwa kwa gari lako. Chukua dumu la lita 20, liweke nyuma ya bampa kwa umbali wa nusu mita, kisha mita 1, kisha mita 2, na kila mara kariri linakaa wapi kwenye picha. Lisogeze pia kulia na kushoto mpaka lipotee, ujue upana wa jicho la kamera. Lenzi hizi ni pana, na huonyesha kitu kuwa mbali kuliko kilivyo. Matawi ya mwembe na bati la kibanda havionekani kabisa, maana kamera hutazama chini. Madiko yetu yanatazama mashariki, kwa hiyo ukirudi kuelekea maji alfajiri, jua linalochomoza huingia moja kwa moja kwenye lenzi na picha huwa nyeupe. Usiku mwanga wake ni wa balbu za rivasi tu. Kwa hiyo tazama vioo, geuka, tazama skrini, na uende kwa mwendo wa mguu uliotulia juu ya breki.

Picha ikipotea njiani, anza na balbu ya rivasi. Isipowaka, kagua fyuzi ya gari au swichi ya gia. Ikiwaka na skrini ikibaki kwenye redio, waya mwekundu wa mbele umeachia. Skrini ikibadilika lakini ikawa nyeusi, tafuta kwenye fyuzi ya ampea 1, kisha kwenye plagi ya ndani ya buti: ichomoe, tazama kama ina ukijani, isugue kwa kitambaa kikavu, paka grisi na uirudishe. Mpaka itengenezwe, mshushe abiria mmoja asimame pembeni ya gari mahali unapomwona kwenye kioo, na akitoka kwenye kioo, simama.