Saraka Kuukuu Yaweza Kuwa Nyumba ya Sanamu

Mji wa Rongo umekaa penye njia panda: barabara itokayo Kisii kwenda Migori hukutana hapo na ile ya Homa Bay. Si mbali na hapo, katika nchi ya Wakisii, iko Tabaka, ambako mafundi huchonga mawe laini wakafanya viboko, ndege, sahani na sanamu za watu. Kazi hizo huuzwa hata Ulaya na Marekani. Lakini si ajabu kumwona jirani aliyepewa sanamu moja akiificha chini ya kitanda, au akiiweka juu ya kabati mpaka siku ianguke ivunjike. Na kabati lenyewe likivunjika mguu hupasuliwa kuwa kuni. Somo hili laonyesha jinsi vitu hivyo viwili viwezavyo kusaidiana.

1. Kuchagua. Tafuta saraka, yaani mtoto wa meza au wa kabati kuukuu. Igonge, ukidondoka unga mwembamba, wamo wadudu watoboao mti. Ikiwa rangi yake ya kale inabanduka, iache. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu idhuruyo ubongo wa watoto. Usiikwangue, wala usiichome jikoni.

2. Kutengeneza. Isimamishe kwa ubavu, mdomo uelekee mbele. Kitako chake kitakuwa mgongo. Pima kimo cha kila sanamu, kisha kata vibao vya kuwa rafu. Vikaze kwa parafujo kutoka nje, maana msumari hulegea upesi. Mbele ya kila rafu tia ukingo mwembamba wa kuzuia sanamu isiteleze.

3. Uzito. Jiwe lenye sentimeta 10 kila upande hukaribia kilo 3. Mawe 6 ya namna hiyo ni karibu kilo 18, nayo ni mzigo. Kwa hiyo usitundike saraka kwa kitako chake chembamba; kaza ubao imara ndani, upande wa juu, nao ndio ushike ukuta. Ikiwa ukuta ni wa udongo, parafujo ziingie katika nguzo. Kama haiwezekani, weka saraka juu ya meza iliyo imara.

4. Kupanga. Kubwa zikae chini, ndogo juu, na chini ya kila moja kipande cha blanketi. Jiwe jeupe huonekana vizuri mbele ya rangi nyeusi. Futa vumbi kwa kitambaa laini. Usisugue kwa mchanga, kwani jiwe hili hukwaruzika upesi.

Wahenga walisema chema chajiuza. Lakini kilichofungwa gizani nani atakiona? Mtoto aonaye kila siku kazi ya mikono ya jirani zake hujifunza kuiheshimu, na mgeni aionaye huuliza ilikotoka. Basi, kabla ya kushika shoka, itazame saraka ile mara ya pili.