Mgongo Wangu na Magodoro Matatu

Mgongo ulianza kunisumbua mwaka 2014, nilipopata tenda ya kushona sare za shule na kushinda juu ya cherehani tangu asubuhi hadi usiku. Picha zilipigwa, hakikuonekana cha kutisha. "Mama, hii utaishi nayo," daktari akasema. Tangu hapo nimenunua magodoro matatu. Mawili yalikuwa hasara tupu.

1. Gumu si dawa

Kila aliyeniona nimeshika kiuno alinipa ushauri uleule: lala pagumu. Mama mkwe alitaka nilale kabisa sakafuni juu ya mkeka. Nikanunua godoro gumu kama mlango, na muuzaji akaniapia kwamba ndilo la wagonjwa wa mgongo. Mimi hulala ubavu. Wiki ya pili kiuno kilikuwa kilekile, na sasa bega na nyonga navyo vilidai haki yao.

Baadaye mtaalamu wa fiziotherapia alinieleza juu ya utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la tiba la The Lancet. Watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno walilalia magodoro kwa siku 90, wengine magumu, wengine ya ugumu wa kati. Waliopata nafuu zaidi ni wale wa ugumu wa kati. Nilicheka kwa uchungu, maana langu nilikuwa nimeshalilipia.

2. Laini nalo ni shimo

La pili nikakimbilia upande wa pili: sponji laini, tamu dukani. Mume wangu ni mtu wa kilo karibu mia. Yeye akizama, mimi naserereka kumfuata, na usiku kucha najishikilia ukingoni kama konda wa daladala. Mwaka haukuisha.

3. Nyanyua kabla ya kulipa

Ugumu wa godoro na kushiba kwa sponji yake ni mambo mawili. Sponji inaweza kuwa ngumu leo, lakini kama ni nyepesi, itabonyea mapema. Kipimo chake ni densiti, yaani kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo. Muuzaji asipoijua, chukua magodoro mawili ya sponji yenye urefu, upana na unene sawa, uyanyanyue: lililo zito ndilo lililoshiba. Na neno "othopediki" kwenye kitambaa limeandikwa na kiwanda, si na daktari wako.

4. Lala dukani, usione haya

La tatu nilikwenda na kanga yangu. Nikaitandika, nikavua viatu, nikalala chali, kisha ubavu, kwa robo saa nzima. Vijana wa duka walicheka, mmoja akaniuliza kama aniletee chai. Nilipolala chali nilipenyeza kiganja chini ya kiuno. Mkono ukipita bila kugusa kitu, godoro ni gumu mno kwako. Usipopenya kabisa, umezama. Wangu ulipita kwa kubanwa kidogo. Mume alikuja naye akalala, maana godoro ni la wawili.

5. Funua kitanda

Hili ndilo linaloniuma hadi leo. Nilipofunua kitanda ili kutandika godoro jipya, nilikuta chaga mbili za katikati zimepinda na nafasi kati yake inatosha shubiri nzima. Pale pale kiuno kinapokaa! Huenda lile la pili nililionea. Fundi selemala aliongeza chaga sita, kazi ya saa moja, kwa bei ndogo kuliko mto mmoja mzuri.

6. Mto katikati ya magoti

Kwa anayelala ubavu. Jaribu usiku wa leo, ni bure.

7. Godoro lina mpaka wake

Mazoezi bado nafanya, na kila nusu saa nainuka kwenye cherehani. Ganzi ikishuka miguuni au mkojo ukianza kukataa amri, hapo si habari ya godoro tena, ni kukimbilia hospitali.

Januari, msimu wa sare, bado kuna siku naamka nimekakamaa. Nageuka ubavu, nashusha miguu kwanza, najisukuma kwa mkono, nainuka. Nafika jikoni mwenyewe na kubandika chai. Zamani niliisubiri kitandani hadi mtu aniletee.