Nimepewa tarehe ya kiapo, baba hajui

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 41, naishi Minneapolis, Marekani, mwaka wa 14 sasa. Mtihani wa uraia nimefaulu na barua ya kuitwa kwenye kiapo imefika. Mke wangu kashaanza kuwanunulia watoto nguo za siku hiyo. Mimi silali. Kiapo chenyewe kinataka niukane utii kwa nchi nyingine yoyote, na Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Baba yuko Marangu, ana miaka 82. Kwa mila zetu Wachaga, mimi kitindamimba ndiye mrithi wa nyumba yake na kihamba, shamba la ukoo, pale walipozikwa babu na bibi katikati ya migomba. Dada yangu ndiye anayekaa naye; anampikia, anachuma kahawa. Rafiki zangu wananiambia: “Apa tu, pasi ya Tanzania ifiche kabatini, utaitumia likizo. Mzee umwambie ya nini?” Nifanyeje?

Kitindamimba, Minneapolis

Marahaba, mwanangu.

Kabati hilo lisahau. Marekani haitakuuliza pasi yako iko wapi, ila kwa sheria ya Tanzania uraia wako unakoma pale unapopokea wa kule kwa hiari yako. Ukiitumia tena hiyo pasi unavunja sheria, na ukinaswa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro huku msiba unakusubiri nyumbani, rafiki zako hao hawatakuwepo. Utapanga foleni ya wageni na kulipa dola 100 za viza ili uingie kwenu. Itakuuma. Lipa, upite.

Kiapo sikukatazi. Mwenye grini kadi hawezi kumwombea mzazi wake makazi Marekani; raia anaweza. Mwenye grini kadi akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi, anaweza kuipoteza. Wewe ukishakuwa raia, baba akiugua ukahitaji kumuuguza miezi na miezi, mlango wa kurudi kwa wanao haufungwi. Hayo si mambo ya kuonea haya.

Kihamba ndipo penye kazi. Tangu sheria za ardhi za mwaka 1999, asiye raia hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji. Bunge limekwisha kurekebisha sheria za uhamiaji na ardhi ili kuwe na hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje. Hadhi hiyo si uraia, kwa hiyo kabla ya kuitegemea mwone wakili wa ardhi pale Moshi akueleze inakufikisha wapi.

Lakini kuna mtu umempa sentensi moja tu katika barua yako. Mila imekupa kihamba wewe unayekanyaga theluji. Matope ya kihamba hicho yako miguuni kwa dada yako. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji haitambui mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Unakosa usingizi ukiwaza urithi utakavyokuponyoka. Umewahi kuwaza kwamba kihamba kimekwisha kumpata mwenyewe? Makaburi ya babu na bibi yatafagiliwa vilevile, nawe utakuwa na pa kufikia, kwa dada yako.

Basi fanya hivi. Jumamosi usiku ukimaliza kazi, Marangu ni Jumapili alfajiri, mzee ameshaamka. Mpigie dada kwanza, umweleze yote, naye aketi na baba ndipo umpe simu. Usianze na Marekani. Anza na kihamba: “Baba, nataka tulizungumze shamba, wewe, mimi na dada.” La kiapo lifuate, kwa maneno machache, bila kujitetea.

Akinyamaza, usikate simu wala usiujaze ukimya kwa maelezo. Mzee wa miaka 82 hajibu jambo zito papo hapo. Huenda akakuuliza tu watoto wanasoma darasa la ngapi. Mjibu. Mpigie tena Jumapili inayofuata, na nyingine, hadi aseme lake, liwe tamu au chungu. Kisha nenda ukaape, na picha ya kwanza mtumie dada yako amwonyeshe.

Shangazi