Neno la Bungeni Huandikwa

MANENO YA KUSOMA KWANZA

hoja – jambo linaloletwa mkutanoni ili lijadiliwe
fidia – malipo kwa mtu aliyepoteza mali au ardhi yake
mrabaha – fungu ambalo mwenye mgodi huilipa Serikali kutokana na thamani ya madini
Hansadi – kumbukumbu rasmi za maneno yote yanayosemwa Bungeni

SWALI LA MZEE

Katika darasa moja la kisomo, upande wa Tarime, mzee mmoja aliuliza swali. Alisema: "Mwalimu, mbunge wetu alisimama Bungeni akasema habari za ardhi yetu. Redio tuliisikia. Mbona kesho yake hatukuona kitu?"

Vijana walicheka. Mzee hakucheka. Swali lake ni la haki, na somo hili ni jibu lake.

IRITONGO NA BUNGE

Wakurya wana iritongo. Huo ni mkutano wa watu wa mahali pamoja. Wazee husikiliza shauri, kila upande husema, kisha uamuzi hutolewa. Neno lililosemwa pale hutunzwa vichwani. Lakini mzee akifa, sehemu ya ushahidi huzikwa pamoja naye.

Bunge nalo ni baraza la kusemea. Katiba ya nchi, ibara ya 63, inasema Bunge litaisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Mbunge anaweza kumwuliza Waziri swali juu ya mambo ya umma yaliyo chini ya Waziri huyo. Waziri au naibu wake husimama na kujibu. Aliyeuliza akiona jibu halitoshi, anaweza kuomba nafasi ya swali la nyongeza.

Ibara ya 100 nayo inalinda uhuru wa kusema ndani ya Bunge. Mbunge hashtakiwi mahakamani kwa maneno aliyoyasema humo katika kazi yake.

Iko tofauti moja kubwa kati ya iritongo na Bunge. Bungeni kila neno huandikwa. Swali huandikwa, jibu huandikwa, na ahadi ya Waziri huandikwa. Kitabu hicho ndicho Hansadi, na kimeandikwa kwa Kiswahili. Wewe uliyejifunza kusoma unaweza kukisoma.

MBUNGE WA TARIME

Mwezi wa Desemba 2005 wananchi wa jimbo la Tarime walimchagua Chacha Zakayo Wangwe kuwa mbunge wao. Alitoka chama cha upinzani, CHADEMA. Katika somo hili hatupimi chama. Tunapima hoja.

Wangwe alijulikana kwa kusema wazi. Jambo alilolibeba sana lilikuwa mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioko Nyamongo. Uchimbaji mkubwa wa kampuni ulianza pale mwaka 2002. Kabla ya hapo wachimbaji wadogo walikuwa wakitafuta riziki katika ardhi hiyo. Mgodi ulipokuja, vijiji kama Nyangoto, Kewanja na Kerende vilijikuta jirani ya mashimo makubwa na milima ya mawe. Watu waliuliza: Nani amelipwa kwa shamba lake? Amelipwa kiasi gani? Dhahabu inayotoka hapa inatuachia nini?

Maswali hayo yalikuwa ya wananchi. Mbunge aliyachukua kijijini akayapeleka Dodoma. Hiyo ndiyo kazi ya mbunge. Mbunge asiyepewa habari za kweli na watu wake huenda Bungeni mikono mitupu.

Wangwe hakukaa Bungeni miaka mingi. Tarehe 28 Julai 2008, Bunge la bajeti likiwa linaendelea, alifariki dunia katika ajali ya gari huko Pandambili, wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma. Alikuwa ametumikia ubunge miaka miwili na miezi saba tu. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo uchaguzi mdogo ulifanyika, na Charles Mwera akachaguliwa kushika nafasi yake.

Mtu alikufa. Maneno yake hayakufa, kwa sababu yaliandikwa. Ndiyo maana wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

SAFARI YA NENO

Sasa turudi kwenye swali la mzee. Kwa nini hatukuona kitu kesho yake?

Sababu ni hii: neno la mbunge mmoja si sheria. Ni mbegu. Ili liwe sheria lazima wengine walikubali, muswada uletwe, Bunge lipitishe, na Rais atie sahihi. Safari hiyo huchukua miaka. Tuitazame safari ya hoja ya madini.

Mwaka 1998 ilipitishwa Sheria ya Madini. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Wengi walinung'unika kwamba fungu hilo ni dogo.

Mwezi wa Agosti 2007 Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, alileta hoja Bungeni. Alitaka iundwe kamati ya kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ulioko Kahama. Hoja yake ilikataliwa, na Bunge likamsimamisha hadi Januari 2008. Hapo tunaona kwamba uhuru wa kusema Bungeni una mipaka yake: mahakama haimgusi mbunge, lakini Bunge lenyewe linaweza kumwadhibu.

Je, hoja ilikufa? Hapana. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kutazama mambo ya madini, chini ya Jaji Mark Bomani. Zitto mwenyewe aliwekwa ndani ya kamati hiyo. Kamati ilitoa taarifa yake mwaka 2008.

Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Madini. Mrabaha wa dhahabu ukapanda kuwa asilimia 4.

Mwaka 2017 sheria ilibadilishwa tena. Mrabaha ukawa asilimia 6. Serikali ikapewa haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Pia Bunge likapewa uwezo wa kupitia mikataba ya maliasili na kutaka masharti mabaya yajadiliwe upya.

Kutoka 1998 hadi 2017 ni miaka 19. Mtoto aliyezaliwa sheria ya kwanza ilipopita alikuwa mtu mzima sheria ilipobadilika. Si mbunge mmoja aliyefanya kazi hiyo. Ni sauti nyingi, moja juu ya nyingine, kama matofali ya ukuta.

Lakini tuseme kweli. Mrabaha ukipanda, haina maana kwamba kila shamba limelipwa vizuri. Malalamiko ya fidia kwa mtu mmoja mmoja ni jambo lingine. Hilo linahitaji karatasi, tarehe na sahihi ya mwenye shamba.

TEMBO WA SERENGETI

Ndugu zetu wa wilaya ya Serengeti wana jambo lao. Wao wanapakana na hifadhi. Tembo huingia shambani usiku mmoja, na jasho la msimu mzima likaisha.

Wabunge wa sehemu zinazopakana na hifadhi wamelisema jambo hili mara nyingi. Mara nyingi wananchi hudai "fidia". Serikali hujibu kwamba malipo haya si fidia. Kwa mazao huitwa "kifuta jasho". Kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa huitwa "kifuta machozi".

Msomaji, usipite haraka hapa. Maneno haya yana uzito. Fidia hulingana na thamani ya kilichopotea. Kifuta jasho ni pole tu. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa na mnyama mkali, na shilingi zisizozidi 100,000 kwa ekari moja ya mazao. Asiyejua tofauti ya maneno haya hudai kitu kimoja, akapewa kingine, akarudi nyumbani akidhani ameibiwa. Anayeijua atamwambia mbunge wake: "Tunataka kanuni yenyewe ijadiliwe." Hapo mbunge anakuwa na hoja.

KAZI YETU SISI

Zamani wengi wetu tulitia dole gumba kwenye karatasi tusiyoweza kuisoma. Sasa tunasoma. Basi tufanye haya:

1. Andika jambo lako. Taja kijiji, tarehe, ukubwa wa shamba na hasara.
2. Lipeleke kwa Afisa Mtendaji wa kijiji, na baki na nakala.
3. Liseme katika mkutano mkuu wa kijiji. Hakikisha limeingia katika muhtasari.
4. Mbunge akija, mpe karatasi. Maneno ya mkutano wa hadhara hupeperuka na upepo.
5. Baada ya Bunge, mwulize: "Swali letu uliliuliza lini? Waziri alijibu nini?" Omba akuletee ukurasa huo wa Hansadi.

Mzee wa darasa letu aliposikia haya alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Kumbe na mimi nina kazi." Siku hiyo aliandika kwa mkono wake ukubwa wa shamba lake na majina ya majirani wanne wa mpakani. Ilimchukua saa nzima.

MASWALI

1. Bunge lina tofauti gani na iritongo?
2. Kwa nini neno la mbunge mmoja si sheria?
3. Eleza tofauti ya fidia na kifuta jasho.
4. Jadilini: Ni jambo gani la kijiji chetu linalofaa kufika Bungeni?

HESABU

Dhahabu ya shilingi 1,000,000 imeuzwa. Mrabaha ni shilingi ngapi ukiwa asilimia 3? Ukiwa asilimia 4? Ukiwa asilimia 6?
(Majibu: 30,000, 40,000, 60,000)

KAZI YA NYUMBANI

Andika barua fupi kwa mbunge wako. Mistari sita inatosha. Taja jambo moja tu. Tia tarehe na jina lako kamili.