Boga na Namugongo: safari ya rafiki wawili wa makanisa mawili

Boga, kule Irumu kusini mwa Bunia, si mji wa Wakatoliki. Ni mahali alipozikwa Kanoni Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika mwaka 1896 kuhubiri, na ni kutoka hapo Kanisa la Anglikana lilipoenea Kongo. Mji wa hija wa Kikatoliki unaowahusu zaidi watu wa Boga uko ng'ambo ya mpaka: Namugongo, nje kidogo ya Kampala. Apolo anakumbukwa tarehe 30 Mei, siku aliyofariki mwaka 1933. Siku nne baadaye, 3 Juni, ni siku ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa imani yao na wanaokumbukwa Namugongo.

Kwa hiyo safari hii tafuteni muifanye wawili, mmoja Mwanglikana na mwingine Mkatoliki. Namugongo ina viwanja viwili vya hija, kila kanisa na chake, na anayekwenda na watu wa kwao tu huona kimoja akarudi nyumbani ameridhika. Mkiwa wawili, mmoja anakuwa mwenyeji Boga, mwenzake anakuwa mwenyeji kwenye basilika.

Kabla ya nauli, ulizeni usalama. Usiku wa kuamkia 31 Mei 2021 watu zaidi ya 50 waliuawa Boga na Tchabi, na tangu hapo hakuna mtu wa Irumu anayepanga safari kwa kutazama kalenda peke yake. Waulizeni wafanyabiashara na madereva waliopita jana, si ndugu aliyepita mwaka jana. Kama jibu lao lina kusitasita, iacheni Boga kwa mwaka huu, mpande Mahagi mkavukie Goli. Wengine wa Bunia hushuka Kasenyi au Tchomia, wakavuka Ziwa Albert kwa boti hadi Ntoroko. Hapo mkatazame anga kabla ya kupanda, na msione haya kudai jaketi la kuokolea.

Hati zenu, pamoja na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, zikae mfukoni, siyo chini ya begi. Dola iliyochanika au kuandikwa kalamu haitapokelewa na mtu, hivyo chagueni noti safi mkiwa bado Bunia. Halafu amueni nani anashika pesa ya njia na nani anashika akiba. Urafiki mwingi umeharibikia kwenye chenji.

Mkifika Boga, pitieni kwanza parokiani na kwenye ofisi ya sheferi kusalimia. Mgeni asiyejitambulisha huleta wasiwasi, na wasiwasi huo una sababu. Kaburini, mwacheni Mwanglikana asimulie kabla ya simu kutolewa kwa picha. Jambo la kuangalia ni upande alikolazwa Apolo: aliagiza kichwa chake kielekee magharibi, kinyume na desturi ya kwao, kwa sababu upande ule ndiko kwenye msitu wa Wambuti alikotaka kazi iendelee. Mkatoliki aliyezoea masalia ya watakatifu chini ya altare ataona hapa kaburi linalohubiri kwa namna nyingine kabisa.

Mkishavuka mpaka kutoka Boga na kuingia Uganda, kutoka Fort Portal hadi Kampala ni kama kilomita 300 za lami. Kila mwaka wako mahujaji wanaoitembea kwa miguu. Ninyi pandeni basi. Mkiwa Kampala, chukueni teksi za abiria zinazopita Kireka hadi Kyaliwajjala, kisha Namugongo.

Mimi ningeanzia upande wa Anglikana, na si kwa upendeleo: Papa Fransisko naye alianzia huko tarehe 28 Novemba 2015, kabla ya kwenda kusoma Misa kwa Wakatoliki. Upande huo wa Anglikana ndipo Nakiyanja, walikochomwa mashahidi wengi kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Waganda, na makumbusho yake yana sanamu zinazoonyesha mauaji yale waziwazi. Mkienda na mtoto, mwandaeni. Anglikana wanawahesabu mashahidi 23, Wakatoliki 22, na wengi wao walikuwa vijana na watumishi wa utawala uleule. Baadhi waliishi jumba moja.

Kutoka hapo tembeeni hadi kwenye basilika. Nje inafanana na kibanda cha Kiganda cha msonge, imeshikwa na nguzo 22, moja kwa kila shahidi, na altare imejengwa mahali alipochomwa mmoja wao, Karoli Lwanga, tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza hao 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, akaja mwenyewe Uganda mwaka 1969, Papa wa kwanza aliye madarakani kukanyaga Afrika. Kaeni ndani nusu saa bila kusema. Baadaye shukeni kwenye ziwa dogo lililo karibu.

Suala la Komunyo limalizeni njiani, msilingoje hadi foleni inatembea. Katika Misa, Mwanglikana hapokei. Abaki kwenye kiti, au aulize mapema kama padri wa hapo huwabariki wanaokunja mikono kifuani. Kwa Anglikana mgeni aliyebatizwa mara nyingi hukaribishwa mezani, ila Mkatoliki anazuiwa na sheria ya kanisa lake. Asimame, aimbe, asali. Hakuna atakayemuuliza.

Tarehe je? Kama mnataka kuona umati, kusikia nyimbo za lugha nyingi na kulala uwanjani kati ya mahujaji, nendeni 3 Juni, mfike siku mbili mapema na mkubaliane mahali pa kukutana mkipotezana, kwa kuwa mtandao wa simu siku hiyo huelemewa. Kama mnataka kuona mahali penyewe, nendeni mwezi mwingine wowote, siku ya kazi. Mimi nachagua siku ya kazi.

Wengi huchota maji ya lile ziwa dogo la Namugongo kurudi nayo. Nunueni kidumu chenye kifuniko cha kubana, mkiandike jina, na mpakani mkifungue wenyewe mkiambiwa, bila mabishano. Mkibakiwa na siku moja, nendeni Munyonyo, upande wa ziwani, alikouawa Andrea Kaggwa, mmoja wa mashahidi hao, tarehe 26 Mei 1886. Watu ni wachache zaidi.